Vibao Vyeusi na Aibu ya Babu

Nilipotimiza miaka sitini na miwili, umri ambao wenye busara huutumia kwa kuvuta tasbihi na kupunga upepo barazani, nafsi ilinishawishi niende mnadani, ambako palikuwa pakiuzwa kabati, kitanda cha besera na piano kuukuu; na kwa kuwa kabati lilikwisha pata mwenyewe, na kitanda kilikuwa na kunguni, nikarudi nyumbani na piano.

Nilivihesabu vibao vyake nikapata 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, nikakata shauri kwamba vyeusi ni pambo tu, kama misumari ya shaba katika milango ya Kizanzibari. Kwa muda wa miezi mitatu nilipambana na vile vyeupe, na kila nilipopiga viwili kwa pamoja, jirani yangu alilifunga dirisha lake taratibu, kwa taadhima, mfano wa mtu amfunikaye maiti.

Siku moja mjukuu wangu, mtoto wa miaka sita, aliparamia kiti akavipigapiga vile vyeusi pasina mpango wowote, na ajabu ni kwamba kila alipogusa palitoka sauti tamu, hata jirani akafungua dirisha. Nilipomwuliza siri yake, alinijibu bila ya kunitazama: “Babu, hivi havigombani.”

Ikanibidi kuitafuta hikima ya maneno hayo. Baina ya do na do ya juu yake, piano ina hatua ndogo 12 zilizo sawasawa, ziitwazo nusu-toni, na ugomvi wa sauti aghalabu huzuka pale wawili waliotengwa na nusu-toni moja wanapolia pamoja. Vyeusi vimepangwa kwa makundi, viwili kisha vitatu, na hakuna hata viwili miongoni mwao vilivyokaribiana kiasi hicho. Ukikifanya cha kwanza katika kundi la vitatu kuwa do, vinavyofuata ni re na mi, na viwili vya mbele yake ni so na la; ama fa, ambayo imemganda mi, na ti, ambayo imemganda do, hao wafitini wawili hawakualikwa. Tena ukiifanya la kuwa maskani yako, sauti zile zile tano hugeuka zikawa za huzuni, kana kwamba pameletwa habari ya msiba.

Elimu hiyo ilinitia kibri. Nikatangaza mtaa mzima kwamba siku ya kuzaliwa mjukuu wangu ningewapigia wageni ule wimbo wa kumtakia mtu heri unaojulikana na kila mtoto, nami ningeupiga kwa vyeusi vitupu. Wageni wakahudhuria, jirani naye akiwa mstari wa mbele. Nikaanza: so, so, la, so, do, wimbo ukaenda kama jahazi lililopata kaskazi, lakini noti ya sita ya wimbo huo, laiti ningalijua mapema, ni ti. Kidole changu kikashuka kushoto kukitafuta cheusi kinachofuata, kikaangukia la. Watoto, kwa adabu waliyofunzwa, wakanifuata, mama zao wakashikilia ti, na chumba kikawa kama mnada wa samaki. Nikarudia, mambo yakawa yale yale. Mara ya tatu nikajitia kukohoa. Hapo mjukuu wangu akaja, akabonyeza kibao cheupe kilichojibanza ubavuni mwa do yangu, akasema: “Hiki hapa, Babu.”

Nilijiliwaza kwa Chopin, yule Mpolandi mtunzi wa muziki, ambaye katika zoezi la tano miongoni mwa yale 12 aliyoyachapisha mwaka 1833, aliupa mkono wa kulia vibao vyeusi vitupu isipokuwa noti moja tu. Nayo noti hiyo hupigwa kwa kibao cha jina lile lile kilichonifedhehesha mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alijua kilipo.

Sasa nimekitia alama ya wino, nawe msomaji uliye na piano nyumbani, nakusihi ufanye vivyo hivyo kabla hujaalika wageni.