Fadhila za Kuwatembeza Watoto

Siku ya kuwatembeza watoto ni siku, aghalabu ya Jumapili au ya likizo, ambapo familia hutoka nyumbani kwenda kustarehe na kurudi imechoka kuliko inavyochoka siku ya kazi. Mahali pa kwenda hutofautiana: bustani yenye bembea, bwawa la kuogelea, kiwanja chenye farasi wa mbao wa kuzunguka, au mkahawa wowote wenye nyasi. Wanaoishutumu siku hii ni wengi na hoja zao ni zilezile: gharama, jua, kelele, na mtoto anayelilia kitu ambacho jana hakujua kama kipo duniani. Hoja zote ni za kweli. Kosa la washutumu ni kudhani kwamba siku hii iliwekwa kwa ajili ya raha ya watu wazima. Fadhila yake kuu ni nyingine: ndiyo siku pekee ambayo mtu mdogo kuliko wote nyumbani huwa mkuu wa msafara, bila kampeni wala kura. Kibofu chake hupanga ratiba, miguu yake hupanga mwendo, usingizi wake hupanga saa ya kurudi.

Nasaba ya siku hii ni ya heshima. Bakken, karibu na Copenhagen nchini Denmark, huhesabiwa kuwa uwanja wa burudani mkongwe kuliko yote, na historia yake hurudishwa hadi mwaka 1583. Lakini babu wa kweli wa viwanja vya kisasa ni benchi. Walt Disney alikuwa akisimulia kwamba siku za mapumziko aliwapeleka binti zake wawili kwenye farasi wa kuzunguka wa Griffith Park, mjini Los Angeles. Wao wakizunguka, yeye alikaa benchini akila karanga, akiwaza kwamba pangefaa kuwe na mahali ambapo mzazi naye atapata la kufanya. Kutokana na wazo hilo, pamoja na fedha nyingi, ikazaliwa Disneyland, iliyofunguliwa Anaheim tarehe 17 Julai 1955. Siku ya ufunguzi joto lilikuwa kali. Watu walijaa kupita kiasi kwa sababu ya tiketi za kughushi, lami mbichi ililainika hadi visigino vya viatu vya kina mama vikazama, na mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha kwa kuwa mafundi bomba walikuwa wamegoma. Kwa hiyo baba aliyechoshwa na matembezi ndiye aliyewajengea kina baba wengine mahali pakubwa zaidi pa kuchokea, na hakuna kiwanda kinachoweza kujivunia chimbuko safi zaidi. Benchi lenyewe halijapewa sifa linazostahili.

Afrika Mashariki haikusubiri Marekani. Unguja, kwa vizazi kadhaa watoto wamekuwa wakivaa nguo mpya za Sikukuu na kumiminika viwanja vya Mnazi Mmoja na vijisenti vyao. Nairobi ilipata Uhuru Park mwaka 1969, na mashua za bwawani zikawaajiri kina baba wengi kama wapiga makasia wasiolipwa. Dar es Salaam ina mabomba ya kuteleza majini huko Kunduchi, ambako mzazi hupanda ngazi ndefu amembeba mtoto aliyesema anataka, kisha hushuka ngazi hizohizo amembeba mtoto aliyesema hataki.

Mfano ulio mzuri kwa uchunguzi ni Busanza. Hii ni sehemu ya sekta ya Kanombe, wilayani Kicukiro, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kigali, nchini Rwanda. Ni mtaa wa makazi: nyumba za matofali zenye ua na geti, maduka madogo, na magorofa ya kijiji cha mfano yaliyopokea familia zilizohamishwa kutoka mitaa ya Kangondo na Kibiraro, ambazo za mwisho zilihamia mwaka 2022. Mwaka huohuo, mwezi Julai, bustani ya Nyandungu ilifunguliwa kwa umma. Ni hekta 121 za bonde lenye maji kati ya wilaya za Gasabo na Kicukiro, lililokuwa limechakazwa na kilimo na uchafu kabla ya kuanza kurudishiwa uhai wake mwaka 2016. Sasa lina mabwawa, njia za kutembea na za baiskeli, bustani ya miti ya dawa, na zaidi ya aina 100 za ndege. Watoto wa Busanza hupelekwa huko wakaone maajabu.

Kuchagua siku ni fadhila ya kwanza, maana huifundisha familia kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi haifai, kwani asubuhi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na nchi nzima iko kwenye majembe na fagio hadi karibu saa tano. Jumapili za siku bila magari, zilizoanza Kigali mwaka 2016 na sasa hufanyika mara mbili kwa mwezi, barabara kadhaa hufungwa asubuhi na basi hupita kwingine. Machi hadi Mei ni mvua. Septemba mvua inarudi pamoja na shule. Inabaki Julai na Agosti, kiangazi na likizo kubwa, wakati ambapo kila familia nyingine ya Kigali imefikia uamuzi huohuo kwa hesabu hiyohiyo.

Usafiri nao una mafunzo yake. Ukitazama ramani, Nyandungu haiko mbali na Busanza; tatizo ni kwamba uwanja wa ndege umelala katikati, na ndege hazipishi watembea kwa miguu. Pikipiki za abiria, ziitwazo moto, ambazo ndizo fahari ya jiji, hubeba abiria mmoja mmoja mwenye helmeti, kwa hiyo familia ya watu watano ingehitaji msafara wa kiserikali. Linabaki basi, na kwa wengi hiyo maana yake ni kupitia kituo cha Remera. Hapo hutokea hesabu ambayo hakuna mwalimu anayeifundisha: watu watano, viti viwili, mfuko mmoja wa chakula, na mtoto wa miaka sita anayekataa kupakatwa kwa sababu juzi alitimiza miaka sita. Mama hukaa na mdogo. Baba husimama ameshika bomba kwa mkono mmoja na kwa mwingine kola ya shati la mtoto wa kati. Abiria wa jirani, asiyeulizwa kitu, hutoa ushauri wa malezi kutoka Remera hadi kituoni.

Ndani ya bustani ndipo utawala wa mdogo hudhihirika kikamilifu. Baba, aliyekwisha kulipa kiingilio kwa MoMo, yaani pesa za simu, hutaka thamani ya fedha yake: mabwawa yote, njia zote, ndege aina zote 100. Hutangulia. Hatua chache kutoka langoni huitwa arudi, kwa sababu msafara umesimama. Mtoto wa miaka mitatu amechuchumaa pembeni mwa njia, magoti yakigusa kidevu, anatazama sisimizi. Wamepata kipande cha andazi kilichoanguka kutoka kinywani mwake mwenyewe. Sisimizi wanne wanakivuta huku, wawili wanakivuta kule, kipande kinazunguka mahali pamoja, na mtoto anawaelekeza kwa kidole cha shahada kama polisi wa barabarani. Baba husema twende ukaone korongo. Mtoto husema ngoja wafike. Hakuna anayejua wanakokwenda, wala sisimizi wenyewe hawaonyeshi dalili ya kujua, lakini familia nzima husubiri. Kwa mtu wa umri ule hekta 121 ni nyingi kupita kiasi. Humtosha eneo la sinia moja. Wakati huo watu wazima, kwa kukosa la kufanya, husoma kibao na kujua jinsi mafunjo yanavyochuja maji machafu, jambo ambalo wasingelijua kama wangepewa mtoto mwenye haraka.

Shangwe kubwa ya siku hiyo huja baadaye kidogo, mngurumo unaposikika na watoto wote kurukaruka wakipiga kelele: ndege! Ni ndege ya abiria inayotua Kanombe, ileile inayopita karibu na nyumbani kwao kila siku bila kiingilio.

Kisha huja msamiati wa haja. Mtoto mdogo hatangazi haja yake mapema. Hutangaza wakati imekwisha kuwa historia. “Mama, nimebanwa” husemwa mahali palipo mbali na choo kuliko pote, na husemwa kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Hapa sheria za Rwanda huingia katika maisha ya familia kwa namna ambayo watunga sheria labda hawakuifikiria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na mwaka 2019 marufuku ikapanuliwa hadi plastiki nyingine za kutumika mara moja. Kwa hiyo suruali iliyolowa haina mahali pa kufungiwa isipokuwa mfuko wa karatasi ya kaki uliokuja na maandazi. Karatasi na unyevu havielewani. Baada ya muda mfupi kitako cha mfuko huachia, suruali hudondoka njiani mbele ya wapita njia, na mama huitundika kwenye fimbo na kuendelea nayo begani kama bendera. Mtoto, aliyekwisha kuvishwa kitenge cha mama kilichofungwa shingoni, huonekana kuwa na hadhi kuliko alivyotoka nyumbani. Mazingira yamehifadhiwa, na familia imechangia.

Kasri la kurukia, lile la mpira linalojazwa upepo, linastahili sifa za peke yake. Huwekwa kwenye mikahawa yenye nyasi, kwenye sherehe na sikukuu, pamoja na feni yake inayonguruma bila kupumzika. Anayetajwa kulibuni ni John Scurlock, mhandisi wa Louisiana, mwishoni mwa miaka ya 1950. Inasemekana alikuwa akishughulikia maturubai ya kujaza hewa, akaona wafanyakazi wake wanafurahia kuyarukia. Yaani watu wazima ndio walioanza, na watu wazima ndio waliokatazwa kuingia. Ndani ya kasri hilo mtoto hujifunza kwa dakika chache mambo ambayo wengine huyasomea chuo kikuu: kwamba ardhi si ya kuaminika, kwamba wakubwa huwaangukia wadogo, na kwamba muda uliolipiwa huisha. Hili la mwisho hupokelewa kwa kilio. Kiatu kimoja hubaki kisipatikane, hata kama viatu vyote vilivuliwa mahali pamoja mbele ya mashahidi.

Mkahawani, chakula huagizwa mapema na huja kwa kuchelewa. Mishikaki ya mbuzi na viazi vya kuchoma, ambavyo Kigali ni nadra sana kukosekana, huhitaji makaa yaive vizuri, na makaa hayajui kwamba kuna mtoto mwenye njaa. Kwa kusubiri, huagizwa Fanta. Methali inayoshauri kwamba mtoto akililia wembe apewe ilitungwa, kwa kila dalili, na mtu asiyekuwa na watoto watatu: akipewa mmoja, wawili waliobaki hutaka wembe wa rangi ileile, na kama umebaki wa rangi nyingine, hakuna anayetaka wembe tena. Fanta hunywewa robo, robo humwagika, nusu hubaki kwa baba, ambaye hajawahi katika maisha yake kuagiza Fanta ya machungwa na bado huinywa kila matembezi. Mishikaki hufika mara tu mdogo anapolala. Hulala na kichwa mezani, kijiti mkononi. Kwa nusu saa nchi haina mtawala, na wazazi hula wakitazamana kama watu waliowahi kufahamiana zamani.

Safari ya kurudi haina mengi. Mdogo hubebwa mgongoni. Wa kati hudai kubebwa kwa misingi ya usawa. Mkubwa, aliyekataa kupakatwa asubuhi, hupakatwa. Kilima cha Busanza hupandwa polepole. Nyumba iliyoonekana finyu asubuhi, na ndiyo iliyokuwa sababu ya kutoka, huonekana jioni kuwa na nafasi ya kutosha kwa kila mtu kujitupa upande wake. Hakuna fundi wala mkopo wa benki unaoweza kupanua nyumba kwa bei hiyo.

Faida ya mwisho ni picha. Zimepigwa nyingi, na zote, kwa namna isiyoelezeka, zinaonyesha watu wenye furaha: mbele ya bwawa, chini ya mti, kwenye benchi. Sisimizi hawamo. Huchaguliwa tatu nzuri na kutumwa usiku huohuo kwa bibi aliyeko Rwamagana, pamoja na ujumbe kwamba siku ilikuwa njema sana na watoto wanakusalimia. Bibi, aliyelea saba bila bustani wala kiingilio, huzikuza kwa vidole viwili, moja baada ya nyingine, kisha hujibu kwa maswali mawili: mtarudi lini tena huko, na mbona huyo mdogo kavaa kitenge cha mamake na kiatu kimoja.