Sifa za Hati ya Madai

Kwa vitu vilivyonyimwa sifa zake nchini Tanzania, hati ya madai inaongoza. Kila siku inatiwa saini na kupokelewa masijala, lakini hakuna malenga aliyewahi kuitungia utenzi.

Ina adabu: haianzi na hasira, huanza na jina la mahakama, kisha majina na makazi ya wadaawa. Ina kumbukumbu: hutaka chanzo cha madai na lini kilizuka. Haioni haya kutaja thamani ya shauri.

Lakini fahari yake ni uthibitisho, ile aya ya mkiani. Amri ya VI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai humtaka mdai aeleze, kwa namba za aya, lipi analijua mwenyewe na lipi ameambiwa akaliamini. Hiki ni chuo kizima cha hekima. Mtu aliyevamiwa kiwanja hujikuta akijihoji: aya ya 4, kwamba ukuta wa jirani umeingia kwake, anaijua, ameuona. Aya ya 5, kwamba ulijengwa usiku, aliambiwa na mlinzi. Na aya ya 1, kwamba yeye ni mtoto wa marehemu mwenye kiwanja, anaijua mwenyewe, au aliambiwa na mama? Wanafalsafa wamezeeka bila kufika hapo. Mdai hufikishwa kabla masijala haijafungwa.

Akikosea je? Wakili wa upande wa pili huinuka na pingamizi la awali, na watu wazima wenye majoho wakabishana miezi kuhusu aya, ukuta ukizidi kukauka! Mwaka 1969, katika shauri la kampuni ya biskuti ya Mukisa, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikemea mapingamizi yasiyo mahali pake: yanaongeza gharama na kuvuruga hoja. Ibara ya 107A ya Katiba nayo inataka haki itendwe bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mawakili wanaijua kwa ghibu. Huikariri pale wateja wao wanapowekewa pingamizi.

Katika Mahakama ya Mwanzo, mdai anaweza kulieleza dai lake kwa mdomo, likaandikwa. Kwingine hakuna ukarimu huo, hasa mdaiwa akiwa Serikali: sharti kwanza iarifiwe kwa notisi ya siku zisizopungua 90. Mwananchi akishtakiwa yeye, hupewa siku 21 za kuwasilisha utetezi wake, tena wenye uthibitisho.