Vyerehani Mbele ya Bunge

Mnasonya nini sasa? Nimetaja maktaba tu, wote mmegeuza shingo kuangalia barabara. Kwenu maktaba ni chumba cha kunyamazishwa, na mwenye haki ya kuingia ni mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani. Ngojeni niwape ya Helsinki, huko Ufini, tulikotembezwa kwa kundi ndani ya jengo linaloitwa Oodi.

Anzeni na mahali lilipo. Katikati ya jiji kabisa, linatazamana na Bunge lao. Kiwanja cha namna hiyo kwetu, dah, mnajua wenyewe kingeota nini. Wao wakaweka maktaba, zawadi ya taifa kwa miaka 100 ya uhuru, ikafunguliwa Desemba 5, 2018, mkesha wa sikukuu yenyewe. Ghorofa tatu, gharama yapata yuro milioni 98. Na kibaraza cha juu wasanifu walikipima kwa makusudi kilingane na ngazi za Bunge, ili mwananchi aliyeshika kitabu asimtazame mbunge kutokea chini. Hilo lilinigusa kuliko uzuri wa jengo.

"Vitabu vingapi?" Laki moja hivi, mzee wangu, viko juu kabisa, na watoto wanatambaa kati ya rafu bila kufokewa. Ila kundi letu lilinasa ghorofa ya pili.

Fundi, najua unatunga uzi huku sikio liko kwangu. Hii ni yako. Vyerehani! Vimepangwa mezani, ovaloki pembeni. Unaweka nafasi, unakuja na kitambaa chako, unashona, hulipi. Jirani yake kuna studio za kurekodi muziki na mashine zinazounda vitu vya plastiki kutoka kwenye kompyuta. Mama mmoja wa ushungi alikuwa anakata urefu wa suruali ya mtoto, na wala hakuna aliyemsimamia kichwani kumwuliza amefuata nini.

Nasikia dereva wetu wa bajaji anauliza hiyo ni maktaba au karakana. Ni maktaba, tena kwa sheria! Sheria yao ya mwaka 2016 inazitaka maktaba za umma zitunze vitabu, na pia ziwape watu mahali pa kujifunza, kufanya kazi na kujadiliana mambo ya jamii. Kuazima kitabu ni bure, kukisomea palepale ni bure. Halmashauri haina hiari ya kusema mwaka huu tumekosa fungu, tuwatoze.

Na asiniambie mtu eti wale matajiri. Hamu ya kusoma tuliwahi kuwa nayo tukiwa maskini kuliko leo. Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 9, 1967, siku yenyewe ya Uhuru wetu. Wakati huo watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Likaja vuguvugu la elimu ya watu wazima, bibi zetu wakakaa na madaftari baada ya kutoka shamba, hadi mwaka 1977 wasiojua kusoma wakawa wamebaki kama asilimia 27. Leo mtu mwenye digrii anasimama anasema Mswahili hapendi kusoma. Mfyuu! Bibi yako alikuwa nani?

Kinachonichoma ni saa. Vyumba vingi vya kusomea hapa kwetu vinafungwa jioni fundi akiwa bado yuko kwenye cherehani, bodaboda bado wanasaka hesabu, mama ntilie hajaosha sufuria. Vinafunguliwa tena asubuhi, watu hao wakiwa wamekwisharudi kazini. Halafu daftari la wageni likionekana tupu, inaandikwa kwamba mwamko ni mdogo. Oodi siku za kazi iko wazi mpaka saa tatu usiku, na Jumapili pia unaingia. Mwaka wa kwanza waliingia watu zaidi ya milioni 3, katika nchi ya watu milioni 5 na nusu.

Sidai yuro milioni 98. Mitaa mingapi ina ukumbi wa ofisi unaopigwa kufuli jua halijazama? Kwa ukumbi kama huo nataka taa ya uhakika, meza, rafu ya vitabu vya Shaaban Robert na vya watoto, vyerehani viwili vya kuanzia. Fundi amekwisha kusema kufundisha atafundisha yeye, Jumamosi mchana. Amelisema mbele yenu, mmemsikia.

Basi mkutano wa mtaa ukiitishwa tusikae nyuma. Mzee aseme la vitabu, fundi aseme la vyerehani. Mimi nitashikilia la saa: ukumbi uwe wazi mpaka saa tatu usiku, na ufunguo ukae kwa mtu anayelala jirani na mlango.