Namna ya Kushindwa Kuwasha Basi na Bado Ukaitwa Fundi

Injini umeifungua, umeifunga, na bolti tatu zilizobaki zimo mfukoni mwako kabla tajiri hajaziona. Ni msimu wa korosho, minada imeanza, watu wana pesa na kila kiti cha basi la Masasi kwenda Newala kina mtu wake. Dereva anapiga stata. Inazunguka vizuri, lakini injini haishiki. Usitoke jasho, ndugu yangu. Kuwasha basi ni kazi ya yeyote mwenye ufunguo. Kushindwa kuliwasha na bado ukalipwa, hapo ndipo ufundi ulipo. Fuata hatua hizi.

1. Anza na betri

Betri hukuigusa, kwa hiyo ikiwa mbovu, kosa si lako. Agiza mtu akaazime nyingine stendi nzima. Atakayesema kwamba stata inazungusha kwa nguvu na betri haina neno, mwulize alisomea wapi. Mpaka betri ya kuazima ifike, umeshapata chai na chapati mbili.

2. Usitazame bomba la moshi

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inavuta hewa, inaibana mpaka ibaki sehemu moja ya kumi na tano hadi ya ishirini ya ujazo wake, na hewa hiyo inapata joto la kupita nyuzi 500. Nozeli ikipuliza dizeli humo, moto unajiwasha. Rudolf Diesel aliionyesha kazi hiyo kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na haijabadilika sana.

Maswali basi ni mawili tu: dizeli inafika? Hewa inabanwa? Bomba la moshi huanza kujibu wakati stata ikizunguka. Pasipo moshi kabisa, dizeli haifiki. Ukitoka moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui. Ndiyo maana nakusihi utazame pengine. Jibu likija mapema, malipo nayo huwa madogo.

3. Usitoe upepo

Hapa mafundi wengi hujiharibia jina. Ulipobadilisha filta na kufungua mabomba ya dizeli, hewa iliingia. Hewa inabanika, dizeli haibaniki kirahisi. Pampu inahangaika kubana upepo, na nozeli hazifunguki. Dawa yake ni ya aibu kwa wepesi. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, kisha kaza. Halafu legeza nati za nozeli moja moja huku stata ikizungusha. Kila inayotema dizeli, kaza.

Hakuna spea iliyonunuliwa, na hata tingo anaweza kuifanya. Atakuja kukunong'oneza: "Fundi, si tutoe upepo kwanza?" Mtume akalete spana namba 14. Akiileta, mtume namba 13.

Vilevile usiguse waya wa kuzimia. Mabasi mengi ya zamani huzimwa kwa waya unaovuta mkono wa pampu na kukata dizeli. Ukisahaulika umevutwa, injini haiwaki hata ikiombewa. Uache.

4. Taja ugonjwa mkubwa

Tamka "taiming", kisha tikisa kichwa. Hakuna abiria atakayekubishia. Kweli, giya zina alama, na jino moja likikosewa injini hugoma. Kama ulizitazama alama hizo ulipokuwa ukifunga ni siri yako. Ukiona tajiri hajatishika, mwambie pampu iende Mtwara ikapimwe. Ni kilomita kama 200, na pampu itapanda basi la mshindani wake.

Hapa jirani, Nachingwea, Waingereza walitufundisha vizuri. Mradi wao wa karanga, pamoja na Kongwa na Urambo, ulianza 1947 ukaachwa 1951, umekula pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Mpaka leo wasomi wanauandikia vitabu. Fundi aliyeshindwa na filta hufukuzwa. Aliyeshindwa na injini nzima huitwa mtaalamu.

5. Tafuta wa kulaumiwa

Sema dizeli imechakachuliwa. Mamlaka ya nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, lakini ya kwenye madumu nani ameyapima? Ikishindikana, sema spea ni feki. Ikishindikana tena, punguza sauti na useme gari limechezewa. Bibi aliyekaa kiti cha mbele akiuliza, "Mwanangu, tutafika kweli?", mjibu kwa heshima: "Bibi, dunia ina watu." Yeye mwenyewe atamalizia.

6. Shusha abiria wasukume

Basi lenye upepo kwenye mabomba haliwaki hata likisukumwa hadi Ndanda. Usijali. Abiria aliyesukuma hadai nauli. Ameshakuwa mmoja wa mafundi. Na kama ni la breki za upepo na mitungi imeisha, magurudumu yamejifunga na halisogei hata shubiri. Ni heri pia, kwani sasa walioshindwa ni wao. Ila ukiwa Newala, chunguza mteremko unaelekea wapi. Genge la pale, Shimo la Mungu, halirudishi mabasi.

7. Tambara la petroli

Kuna watakaokushauri uweke tambara la petroli kwenye mdomo wa hewa. Injini huweza kushtuka kwa kishindo, na siku nyingine ikavunja pistoni, nawe ukapata kazi ya pili yenye malipo mapya. Tatizo ni moto kurudi usoni. Pistoni zinauzwa, nyusi bado.

8. Maliza kwa heshima

Abiria wakienda kula, rudi kwenye hatua ya 3 bila kuonekana. Robo saa inatosha. Injini ikiunguruma, usicheke. Futa mikono taratibu, mtazame tajiri, sema "taiming", pokea pesa yako. Mwonye dereva asizime mpaka Newala.

Kisha mtoe tingo chochote kitu. Ukimnyima, atasimulia stendi nzima ni nani aliyetaja upepo tangu asubuhi.