Biskuti Zisizofika Tumboni

Cookie Monster, lile zimwi la bluu, anatafuna biskuti tangu kipindi cha watoto cha Sesame Street kilipoanza kurushwa Marekani mwezi Novemba 1969, na mpaka leo hajashiba. Atashibaje, na tumbo hana? Chini ya shingo yake kuna mkono wa mtu, na chini ya mkono huo kuna mtu mzima amejikunyata kamera isimwone. Pengine wako wawili: mmoja anachezesha kichwa na mkono wa kushoto, mwenzake amebanana naye kuchezesha wa kulia. Biskuti zenyewe hutengenezwa kwa unga wa chapati za maji, nafaka na kahawa, bila mafuta yasije yakaharibu manyoya, na yale madoa ya chokoleti ni gundi. Makombo yanaruka huku na huku, watoto wanavunjika mbavu. Anayepita na ufagio sijawahi kumwona.

Kwetu Sinza, ufagio ninao mimi.

Mpwa wangu wa miaka minne, tunayeishi naye, aliambiwa shuleni apeleke kikaragosi kilichotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Tangazo liliingia kwenye kundi la wazazi usiku, maduka yameshafungwa, kama yaingiavyo matangazo yote yanayohitaji mkasi. Mtoto akataka Cookie Monster, basi. Kitambaa cha bluu hatuna. Mke wangu akaibuka na sweta kuukuu la kijani kutoka chini kabisa ya sanduku, akalikata mkono. Nikajaribu kumtuliza mtoto kwa historia: hata Jim Henson, aliyembuni Cookie Monster, mwaka 1955 alimshona chura wake Kermit kwa koti kuukuu la mama yake, macho akayatoa kwenye mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu, na hapo mwanzo huyo Kermit hakuwa hata chura.

Mtoto akalitazama sweta na macho yake ya vifuniko vya chupa za maji. "Mjomba, huyu anaumwa."

Shuleni kikaragosi kilikaa asubuhi moja tu. Nyumbani ndiko kilikohamia, na tangu hapo mtoto hasikii la binadamu. Nikimwambia mimi kunywa uji, uji una moto. Akiambiwa na sweta, anakunywa, ila sharti naye sweta anywe. Kwa hiyo kila asubuhi nimelala chali chini ya meza, mkono juu, uji unanichuruzikia kwapani. Usiku ni kwenye chandarua. Kilimani Sesame, lile toleo la kwetu Tanzania, liliwafundisha watoto kujikinga na malaria, na mimi nikaona sweta nalo lifundishe. Lilifundisha vizuri mno. Sasa halali mtu mpaka kikaragosi kiingie ndani ya neti, na mkono wangu nao uingie, na mbu wanipate mimi niliyebaki nje.

Namwonea wivu Caroll Spinney, Mungu amrehemu. Big Bird, yule ndege mkubwa wa Sesame Street, alimchezesha kuanzia 1969 hadi 2018, mkono wa kulia juu ya kichwa kushika ule mdomo mkubwa, lakini angalau kifuani alifungiwa televisheni ndogo, akaona mambo yanavyokwenda. Mimi chini ya meza naona miguu tu. Ndiyo maana sikujua kama mlango umefunguliwa mpaka nilipoona kandambili ninazozifahamu, na begi la safari likitua sakafuni.

Mama amefika kutoka Lushoto. Na Lushoto sweta si pambo.

Natamani kujua mama yake Henson alisema nini siku alipolitafuta koti lake. Mama yangu hakusema kitu kwanza. Alivuta kiti, akakaa, akawa anatazamana na kikaragosi. Mpwa wangu akamsogezea bakuli: "Bibi, mlishe, ana njaa."

"Nimemwona," akasema Mama. Kisha, kwa upole ulionitia baridi: "We sweta."

"Abee," nikajibu kwa sauti nyembamba. Ningefanyaje?

"Nilikuacha hapa Pasaka una mikono miwili. Mwambie huyo aliyelala chini ya meza kesho akupeleke kwa fundi, akurudishie wa pili. Na kitambaa kiwe kijani hikihiki."

Kikaragosi kikainamisha kichwa mpaka mezani. Mtoto akapiga makofi, akamwambia bibi yake kina adabu hicho. Adabu wapi! Mkono ulishakufa ganzi tangu uji.