Sifa za Bwana Ghafla

Laiti maneno ya Kiswahili yangekuwa yanatunukiwa vyeti vya utumishi uliotukuka, wengi wangependekeza amani, umoja au uhuru. Cheti cha kwanza kilistahili kwenda kwa kibarua asiyesifiwa na mtu, Bwana Ghafla. Katika kata ya Makole, katikati ya jiji la Dodoma, anafanya kazi usiku na mchana, hachukui likizo, na hajapata kumwangusha aliyemwita.

Mvua ni shahidi wake wa kwanza. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili, na wastani wa mwaka mzima haufiki milimita 600. Kuanzia Mei hadi Oktoba anga ni kavu. Hata mtoto wa darasa la pili anajua mawingu yatarudi lini. Lakini kila Desemba mvua hunyesha ghafla. Mtaro uliojaa taka tangu Julai hukutwa vilevile, viti vya mama ntilie huelea, na anayeulizwa habari za mtaro hujibu kwa neno hilo moja. Kesi imekwisha.

Si Makole peke yake. Wajerumani walipitisha reli ya kati kando ya mto Mkondoa, ambao haujawahi kuficha tabia yake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalifumua njia kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Nayo yalikuja ghafla, bila shaka, kama uchungu unavyomshika ghafla mjamzito ambaye ukoo mzima umekuwa ukimhesabia siku kwa miezi tisa.

Wapinzani wake ni dhaifu. “Papo kwa papo” alipata kazi nzuri bungeni, kwenye maswali ya Waziri Mkuu, lakini maswali hayo yana siku yake, Alhamisi, na kila mbunge anaijua. “Kushtukiza” aling'ara Novemba 2015, pale Rais Magufuli, siku moja tu baada ya kuapishwa, alipotembea kwa miguu hadi Wizara ya Fedha na kukuta viti visivyo na watu. Tangu hapo ameajiriwa na viongozi wengi, ingawa siku hizi mara nyingi kamera hutangulia kufika. “Kufumba na kufumbua” ni mrefu mno kwa mtu anayejieleza mbele ya bosi.

Watoto wanaosoma Kiingereza ndio wa kuhurumiwa. Hao hutakiwa kuchagua kati ya “suddenly”, “abruptly” na “all of a sudden”, na anayeandika “all of the sudden” hukatwa maksi, ilhali Waingereza wenyewe wa zamani waliandika namna zote mbili na jua likachwa salama. Hotuba inaweza kukoma “abruptly”. Mtu akipenda hivyo, msahihishaji hukunja uso. Ghafla hana ubaguzi huo. Hukaa mwanzo wa sentensi, katikati au mwisho. Hunyesha, huvunjika, hufa, huoa na hufilisika kwa adabu ileile.

Kazi yake kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni uhamisho wa Serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, na mamlaka ya kustawisha mji, CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Julai 2016 Magufuli akatangaza kwamba sasa wanahama kweli, na kabla ya Oktoba Waziri Mkuu Majaliwa alikuwa amekwisha kuhamia. Ilikuwa taarifa ya miaka 43, na bado mtumishi aliyekuwa akizunguka Makole kutafuta chumba cha kupanga aliweza kusema, bila kucheka, kuwa jambo limemkuta ghafla.

Wasiompenda huchimba ukoo wake. Husema ametoka Uarabuni, na kwamba huko kwao asili ya jina lake si kasi ya tukio, bali uzembe wa mtu asiyekuwa macho. Ni kweli, na ndugu yake wa damu, kughafilika, anaishi humuhumu katika Kiswahili. Ila huyo hana bahati: anayekiri kwamba alighafilika huandikiwa barua ya kujieleza, na aliyepatwa ghafla hupewa pole.