Toa Jenereta, Uache Mjomba

Katika ukoo wetu, ikijulikana tu kwamba kompyuta yako ina Audacity, umekwisha. Programu hiyo ya kuhariri sauti imekuwa ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2000, na ndugu zangu wameshaamua kuwa mhariri naye ni wa bure.

Baada ya harusi ya binamu pale Tanga, shangazi alinijia na flashi yenye rekodi ya hotuba ya mjomba, na ombi moja: "Toa jenereta, uache mjomba."

Nikamweleza kwamba kipaza sauti kilikuwa kimoja, na kwamba rekodi ya kidijitali ni namba tupu. Kila sekunde wimbi la sauti limepimwa mara 48,000, na katika kila kipimo jenereta, mjomba na mtoto anayelilia soda wameshajumlishwa.

"Basi litoe," akasema. "Hesabu si ulisomeshwa?"

Njia ipo. Unaipa programu kipande chenye ngurumo peke yake, inaisoma tabia yake, kisha inaipunguza kote. Nusu sekunde yatosha. Lakini nani aliwahi kuona nusu sekunde ya kimya kwenye harusi yetu? Mjomba akivuta pumzi, bibi mmoja anakohoa, sahani inaanguka, mtu nyuma anaitikia. Nilipopata kijipande cha kubahatisha, jenereta likafifia kweli, ila mjomba sasa alikuwa akitoa nasaha za ndoa kutoka ndani ya pipa la maji.

Vigelegele ndivyo vilivyoleta ugomvi. Kipimo cha biti 16 kina ngazi 65,536, na juu yake hakuna kitu. Sauti za kina mama zilipopita hapo, mawimbi yakakatwa vichwa, yakabaki bapa.

"Si upunguze sauti?"

Ukipunguza, unapata ubapa uleule, wa chini chini. Kilichokatwa hakikuandikwa popote, hakuna pa kukirudisha. Shangazi, ambaye vigelegele vile vilikuwa vyake, aliyachukua maelezo hayo kama matusi. Nikajaribu kumpoza: nitaihifadhi kwa MP3, faili iwe ndogo, maana MP3 hutupa yale ambayo sikio ni nadra kuyatambua.

"Inatupa nini? Nilipotajwa jina pamebaki?"

Nilikuwa bado najitetea mjomba alipoingia na nakala yake, aliyopewa na fundi wa video. Ilikuwa rekodi ileile ya vipimo 48,000, ila faili lilikuwa limeandikwa 44,100. Kompyuta haina ubishi. Ilicheza 44,100 kwa sekunde kama ilivyoambiwa. Hotuba ya dakika 20 ikakaribia 22, na sauti ikashuka karibu robo tatu ya toni. Mjomba, ambaye kwenye simu watu humwita mama, akanguruma kama mzee wa baraza.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuirekebisha ni kubadili namba moja tu.

"Usiguse."

"Lakini mjomba, hii si sauti yako."

"Hii ndiyo yangu. Ile ya kila siku ni ya mazoezi."

Akaisambaza kwa ukoo mzima. Haukupita muda, watu wa mtaa wa pili wakamwomba awe msemaji wao kwenye posa. Usiku wa kuamkia shughuli akanipigia simu, kwa ile sauti ya mazoezi, kuuliza hiyo 44,100 huwekwa upande gani wa kipaza sauti.